Wimbo Unaanza Lini?

"Sasa mwanangu, huo wimbo wenyewe unaanza lini?"

Mjomba aliuliza hivyo dakika ya nne. Tulikuwa barazani kwake Kikwajuni, Zanzibar, isha imeshasaliwa, dele la kahawa linapoa katikati yetu, na kispika changu cha ukubwa wa ngumi kimekaa juu ya kigoda. Kilichokuwa kikilia ni kipande cha Robert Hood kutoka Minimal Nation, kazi ya mwaka 1994: mdundo usiokatika, sauti fupi ya kinanda inayojirudia, na matoazi ya haihati yakichakarisha juu yake. Basi. Mjomba ni mpiga rika, lile dufu dogo lenye vishaba. Taarab ameipiga zaidi ya miaka arobaini, maharusini na majukwaani, na alikuwa ametega sikio kwa adabu zote, akingoja bashrafu iishe, fidla ziinuke, mwimbaji asogee mbele.

"Umeshaanza, mjomba. Ndio wenyewe huo."

Akanitazama kama mtu aliyeitwa karamuni, akanawishwa mikono, kisha asione sahani.

Mwanawe, binamu yangu, anatengeneza biti za singeli Dar es Salaam, na wiki ile alikuwa amevuka na boti kuja kumsalimia baba yake. Naye alikuwa na lake la kusema. Tukabishana mpaka saa saba usiku. Nayaandika hapa kama nilivyoyakumbuka, kwa sababu tekno hii iliyopunguzwa mpaka kwenye mfupa, wenyewe wanaiita minimali, nimeishi nayo Berlin miaka tisa, na sijawahi kuulizwa swali lililonibana kama lile la mjomba.

MJOMBA: Muziki kwetu una mwenyewe, na mwenyewe ni shairi. Mtunzi anakaa na maneno yake siku na siku, anayapima vina na mizani, ndipo fundi wa udi ayatafutie sauti. Bibi anainuka kitini kwenda kutunza kwa sababu ubeti ule umemgusa, au umemgusa jirani yake. Hapa mtu atunze nini? Ubeti uko wapi?

MIMI: Ubeti haupo, mjomba, na sitakwambia kuwa umefichwa mahali. Naomba nianze na mji. Detroit, kule Marekani, ulikuwa mji wa magari. Mwaka 1950 ulikuwa na watu karibu 1,850,000. Ilipofika 1990 walibaki milioni moja na ushei. Viwanda vimefungwa au vimehamishwa, mitaa mizima imebaki na nyumba zisizo watu. Vijana watatu weusi waliosoma pamoja Belleville, nje ya mji, ndio walioanza: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Walikuwa na mashine za ngoma na vinanda vya umeme. Mwaka 1988 nyimbo zao na za wenzao zikatolewa Uingereza katika mkusanyiko mmoja, na jina la tekno likasambaa. Ulaya ikaupokea muziki ule, ikauongezea kasi, ikaujaza ving'ora na makelele ya kushtua watu. Robert Hood, mtoto wa Detroit, hakupenda ulikokuwa ukielekea. Akaanza kuondoa. Akabakiza ngoma, besi, noti mbili tatu, akasema hiyo inatosha kubeba roho.

BINAMU: Hapo ndipo tunapoachana, dada. Kuondoa ni anasa ya mwenye nacho. Sisi Mburahati, Manzese, Tandale, tuna nini cha kuondoa? Kompyuta moja imefunguliwa ubavu ipozwe na feni, programu ya kupeana, na nje mtaa umefungwa turubai watu wanataka kupaa. Singeli inakwenda mapigo 200 kwa dakika, nyingine inafika 300. Hiyo yako ngapi?

MIMI: Kama 125. Ikizidi sana, 135.

BINAMU: Mwendo wa mtu anayekwenda sokoni na hana haraka. Halafu tazama na hili. Huo muziki bila spika kubwa haupo. Hiki kispika chako, ile ngurumo ya chini inatoka? Haitoki. Singeli mtu anaisikia kwenye simu, ndani ya bajaji, kwenye kibanda cha chipsi, na popote alipo anaitambua na anaicheza. Muziki unaotaka ukumbi wa zege na spika za bei ya nyumba ndipo usikike, una nini chenyewe?

Hilo liliniingia, maana ni kweli. Mdundo wa chini wa tekno mtu huupata kifuani kabla ya masikioni, na kispika cha ukubwa wa ngumi hakiwezi kuutoa hata ukipandishe sauti mpaka mwisho. Nilichokuwa nimemwandalia mjomba tangu mwanzo wa jioni ni mchuzi usio na chumvi, kisha nikataka ausifu. Nikaingia ndani kutafuta hedifoni kwenye begi.

Niliporudi, mjomba alikuwa akimsimulia mwanawe habari za santuri zilizokwaruzika, jinsi sindano ilivyokwama na mwimbaji akarudia neno moja mpaka mtu ainuke akaisukume. Nikaona pa kuingilia.

MIMI: Kuna waliofanya hivyo makusudi, mjomba. Mwaka 1994 Jeff Mills, aliyekuwa pamoja na Hood katika kundi la Underground Resistance, alitoa santuri inayoitwa Cycle 30. Mfereji wa santuri ya kawaida unazunguka kuingia ndani mpaka ufike katikati. Yeye akachonga mifereji iliyofungwa duara. Sindano ikitua humo haitoki. Sasa hesabu: santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Tia mapigo manne ndani ya mzunguko huo, unapata mapigo 133 kwa dakika, mwendo wenyewe wa tekno. Unaweza ukaenda kula ukarudi ukalikuta pigo lilelile linakungoja.

MJOMBA: Santuri ilitubana sisi kwa upande mwingine. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ulikuwa ukichukua dakika tatu hivi. Wimbo wa kukesha nao ukakatwa kama kanga. Kwa hiyo urefu haunitishi mimi. Harusini tunaweza kukaa na wimbo mmoja nusu saa, watunzaji wasipoisha. Kinachonitisha ni urefu usiokwenda popote.

Nikamweleza usiku wangu wa kwanza. Ulikuwa ukumbi ndani ya kiwanda cha zamani, giza, moshi wa mashine, ukutani unyevu kama wa kisimani. Nilikuwa nimetia viziba masikio vya sponji nilivyopewa mlangoni. Saa nzima sikupata kitu. Nilisimama nikahesabu mabomba ya dari, nikaona nimetapeliwa, nikaenda kupanga foleni ya makoti. Pale kwenye foleni, nimeupa ukumbi mgongo, nikahisi kitu kimebadilika na sikujua ni nini. Nikarudi mpaka mlangoni. Haihati, ile sauti ndogo kama ya njiti ya kiberiti inayopigwa, ilikuwa ikilia saa nzima katikati ya kila mapigo mawili. Sasa kila ilipotimia mara ya nane ilikuwa haipo. Palikuwa na tundu. Na mabega ya watu ukumbini, mamia ya watu wasiojuana, yalikuwa yakiinuka palepale penye tundu. Hakuna aliyewaambia. Dijei ameondoa njiti moja ya kiberiti, na umma mzima umelijaza tundu kwa miili yake.

Koti langu sikulichukua mpaka asubuhi.

Huo ndio uchawi wa muziki huu kadiri ninavyouelewa, na ndiyo sababu nashindwa kuuacha. Sikio likipewa mengi hukaa likalishwa. Likipewa machache huanza kufanya kazi: linahesabu, linabashiri, na kilichobashiriwa kikichelewa hata kidogo, moyo unashtuka. Katika muziki uliojaa, badiliko dogo ni kama mtu kukohoa sokoni. Humu ni kama kukohoa msikitini.

BINAMU: Hiyo njiti ya kiberiti, aliizima ghafla au aliifunika polepole kwa filta?

MIMI: Sijui. Nadhani aliizima.

BINAMU: Kama aliifunika polepole kisha akaizima, ndiyo maana hukujua kimebadilika nini. Mimi ningefanya hivyo.

(Nilimwona pale akianza kusikiliza kama fundi, ingawa hakukubali kushindwa mpaka mwisho.)

MJOMBA: Nimekuelewa, mwanangu, na hilo la umma kuitikia pamoja nalijua. Umewaona watu wa maulidi ya homu. Wamepiga magoti safu moja, dufu linakwenda, wanainama na kuinuka kama wimbi, pole pole, mpaka wewe unayetazama unasahau kuwa ni watu kumi na tano. Kurudia si kugeni kwetu. Lakini kule kurudia kuna anayetajwa. Anasifiwa Mtume, ulimi umeshika jina, na nia imetangulia kabla ya mkono kugusa dufu. Hao wa kiwandani wanamtaja nani? Mtu akirudia jambo usiku kucha na hana anayemwita, mimi namwogopea.

Nikanyamaza, maana sikuwa na jibu, na hata leo sinalo lote. Kuna watu Berlin wanaoeleza kilabu kama hekalu, na mimi maneno hayo sijawahi kuyapenda. Mlango unalipiwa, kinywaji kinauzwa, na baadhi ya wanaocheza mle hawachezeshwi na ngoma peke yake. Kuulinganisha ukumbi ule na safu ya maulidi ni kukosa heshima kwa pande zote mbili. Nia ndiyo inayotenganisha, na mjomba aliliona hilo kwa dakika mbili.

MIMI: Nakubali, mjomba. Ila nikwambie jambo la huyu Hood. Ni mchungaji wa kanisa. Alihama Detroit akaenda kuishi Alabama, na pamoja na binti yake Lyric wanapiga kwa jina la Floorplan, muziki uleule wa mdundo unaorudia lakini umetiwa sauti za injili. Ukimsikiliza unaona kwake hazikuwa njia mbili. Kurudia kanisani kwao na kurudia kwenye mashine, yeye amevikuta mahali pamoja.

MJOMBA: Basi huyo ana anayemwita. Nimtoe kwenye hesabu yangu.

Kahawa ikaongezwa. Binamu akataka kujua inakuwaje muziki wa watu wachache wa Detroit ukawa muziki wa Wajerumani, na hapo sauti zikapanda, kwa sababu jambo lenyewe linauma.

MIMI: Ukuta wa Berlin ulianguka 1989. Upande wa mashariki ukabaki na majengo makubwa yasiyo na mwenyewe. Mwaka 1991 kilabu cha Tresor kilifunguliwa ndani ya chumba cha chini cha kuhifadhia fedha cha duka kubwa la zamani, milango ya chuma na visanduku vya amana vikiwapo bado. Santuri ya kwanza waliyoitoa Tresor ilikuwa ya X-101, na X-101 ni hao Underground Resistance: Mills, Mike Banks na Hood mwenyewe. Detroit na Berlin zilishikana mkono hapo. Kisha wenyeji nao wakaongeza lao. Mark Ernestus alikuwa na duka la santuri, Hard Wax, tangu 1989. Yeye na Moritz von Oswald wakaanzisha Basic Channel mwaka 1993, wakachukua mwangwi wa dub ya Jamaika wakautia ndani ya tekno, mpaka pigo likawa kama linatoka chini ya maji. Köln wakapata lebo ya Kompakt mwaka 1998. Ricardo Villalobos, aliyezaliwa Chile mwaka 1970 na kupelekwa Ujerumani mtoto mdogo baada ya mapinduzi ya Pinochet, akatoa mwaka 2006 kipande kimoja cha dakika 37 kilichojengwa juu ya tarumbeta za Balkani. Waromania nao wakaingia kwa nguvu. Rhadoo, Raresh na Petre Inspirescu walianzisha lebo yao mwaka 2007, na sasa kuna watu wanapanda ndege kwenda pwani ya Bahari Nyeusi kwa ajili ya mdundo wa Bucharest, laini kuliko wa Berlin, unaokwenda mchana na usiku.

BINAMU: Na Detroit?

MIMI: Wana tamasha lao kando ya mto tangu mwaka 2000.

BINAMU: Siulizi tamasha. Nauliza nani ameandikwa.

MIMI: Machi 2024, Tume ya UNESCO ya Ujerumani iliingiza utamaduni wa tekno wa Berlin kwenye orodha ya taifa ya urithi usioshikika.

BINAMU: Umesikia, baba? Mtu kapika Detroit, sufuria imeandikwa jina Berlin. Ndiyo maana mimi naogopa. Singeli yetu nayo ilitoka mwaka 2017 kwenye mkusanyiko wa Sounds of Sisso, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na wenzetu wakaitwa Ulaya wakapiga kwenye hayo majumba unayoyasema. Nilifurahi, sikatai. Lakini nimejiuliza: miaka thelathini ijayo mtoto wa Mburahati atasoma kuwa singeli ilianzia wapi?

Kwa hili mimi niko upande wa binamu bila kusita. Orodha ile inahusu vilabu vya Berlin na maisha yake, na Wajerumani wana haki ya kuulinda urithi wa mji wao. Lakini nimekaa na vijana wa huko, wema kabisa, wanaocheza minimali kila wiki na hawajapata kujua kuwa waliouanzisha walikuwa watu weusi. Muziki usio na maneno una hatari hiyo. Hauna sauti ya mtu ya kukukumbusha ametoka wapi. Siti ukimsikia neno moja unajua ni wa pwani hii. Pigo la mashine halina lafudhi, na asiye na lafudhi ni rahisi kupewa pasipoti ya mwingine.

MJOMBA: Basi umerudi kwenye langu. Maneno yana kazi.

MIMI: Yana kazi, mjomba. Sijapinga.

Binamu akaleta hoja ya mwisho, kwamba muziki huu umeenea kwa kuwa ni mwepesi: mtu yeyote mwenye kompyuta ndogo anaweka pigo, anaweka haihati, analala. Kuna ukweli ndani yake. Kampuni ya Ableton ya Berlin ilipotoa programu yake ya Live mwaka 2001, maelfu ya watu walipata studio ndani ya begi, na mafuriko ya vipande visivyo na kitu yakafuata. Lakini wawili kati ya walioitengeneza programu ile, Gerhard Behles na Robert Henke, walikuwa wenyewe wapiga tekno ya aina hii chini ya jina la Monolake, na hilo lilimfanya binamu ainue kichwa, kwani hakujua kuwa kifaa kinachotumiwa na maprodyuza wengi duniani kilitoka mikononi mwa watu wa mdundo mmoja.

Aliyemjibu si mimi.

MJOMBA: Hapo umekosea, mwanangu. Mwalimu wangu wa rika hakunifundisha kupiga. Alinifundisha kuacha. Nilikuwa kijana, mikono myepesi, najaza kila nafasi, nikidhani ndiyo ufundi. Alinishika kidole hiki hapa wakati wimbo unaendelea, mbele ya watu, akakizuia. Akanambia sikiliza nyuzi za kanuni zinasema nini hapo unapotaka kupita. Ukiwa na mapigo kumi, moja baya linasitirika. Ukiwa na matatu, halina pa kujificha. Lete hayo masikio.

Nikamvisha hedifoni juu ya kofia yake. Akaivua kofia, akaikunja, akaiweka gotini. Safari hii sikumchezea Hood. Nilimchezea kipande cha dakika kumi na nne nilichopewa na rafiki wa Bucharest, hakijatolewa bado, ambacho nimekisikiliza mara zisizo idadi. Mjomba akafumba macho. Uso haukuonyesha kitu. Binamu na mimi tulikuwa tukisikia vumbi tu la sauti linalovuja pembeni. Dakika ya tatu kidole gumba chake cha kulia kikaanza kugusa ukingo wa kigoda. Dakika ya sita cha kushoto kikaingia, si pamoja na cha kulia, nyuma yake kidogo. Dakika ya tisa akafumbua macho na kuinua upande mmoja wa hedifoni.

"Huyu mwenye bati," akasema, akimaanisha haihati, "anachelewa. Si mara zote. Mara ya tatu na ya saba."

Nikachukua hedifoni nikasikiliza. Nilihesabu mara mbili. Mara ya tatu na ya saba ilikuwa ikichelewa, kiasi cha unywele, na miaka yote ile sikuwahi kuliona.

"Ni makusudi?" akauliza.

"Nadhani ni makusudi, mjomba."

Akaingia ndani. Tukasikia sanduku likifunguliwa, kisha vishaba vya rika vikilia vyenyewe kidogo alipokuwa akiitoa kwenye kitambaa. Alirudi akiisugua ngozi kwa kiganja kuipasha moto, akakaa palepale, akanionyesha kispika kwa kidevu.

"Kiache hichohicho kidogo. Nimeshajua chini kuna nini. Irudishe mwanzo."